Sauti ya Kambale

Midomo ya Kambale ilicheza kwenye skrini, meno yakaonekana, mkono ukapanda na kushuka, na sebuleni kwa Donat hakuna aliyesikia hata neno moja. Watu kumi na watatu walikuwa wameketi kwenye viti vya kuazima vya parokia kwa ajili ya mahari ya Fabiola, binti wa Donat, shingo zimekazwa kuelekea mezani. Kambale, kaka mkubwa wa Donat na mkuu wa ukoo wao, alikuwa Butembo. Wao walikuwa Goma, mtaa wa Himbi, upande ule wa nyuma ambako nyumba za mbao huegemea kuta za mashirika. Kati ya miji hiyo miwili palikuwa na barabara ambayo siku hizi mtu mwenye akili haipiti bila kuaga watoto wake kwanza.

Donat aliongeza sauti mpaka mwisho. Akachomoa waya wa spika, akaupuliza, akauchomeka tena. Akaipigapiga spika mgongoni kama anayemcheulisha mtoto. Kimya.

"Papa Donat, ni rézo ya internet?" aliuliza Birindwa, baba wa bwana arusi, karani mtaratibu mwenye viatu vilivyong'aa hata kwenye vumbi la mawe ya volkano.

"Hapana, rézo iko bien. Picha si iko inafika? Ni son, sauti, njo imepotea."

"Na wewe si njo fundi wa ma-ordinateur?"

Birindwa hakuuliza kwa ubaya, na hapo ndipo palipouma. Mlangoni pa nyumba hiyohiyo palikuwa na kibao cha kazi yake ya kompyuta, kimeandikwa kwa rangi nyekundu: DONAT INFORMATIQUE, TUNATENGENEZA YOTE. Wageni wote walikuwa wamepita chini yake wakiingia. Mama mmoja wa upande wa bwana arusi alikohoa kikohozi ambacho hakikutoka kifuani.

Mashine ile Donat aliiunganisha kwa mikono yake: sanduku kutoka kwa kompyuta moja marehemu, ubao mkuu wa ndani kutoka kwa marehemu mwingine, na viungo vingine vipya vya dukani. Wiki nzima ilikuwa ikimwomba mise à jour, yaani sasisho, kila akiiwasha inaomba. Alhamisi akaikubalia. Alitaka iwe safi kwa siku ya binti yake, jinsi mtoto anavyoogeshwa kabla ya misa. Ikajisasisha usiku kucha, ikazima, ikawaka, na asubuhi akajaribu picha, akaona picha ni nzuri, akaridhika. Sauti hakuijaribu. Wateja wangapi aliwahi kuwacheka kwa kosa hilo! Mganga hajigangi.

Pembeni chini ya skrini, alama ndogo ya spika ilikuwa na msalaba mwekundu. Alipoigusa ikamwambia kwa Kifaransa kwamba kwenye mashine hii hakuna chombo chochote cha kutoa sauti.

"Tupige simu basi," alisema Birindwa.

Walijaribu. Simu kumi na tatu zilitoka mifukoni na kwenye mikoba, na zote zikajibu jambo moja. Tangu jana mtandao wa simu ulikuwa umekufa kuelekea kaskazini. Njia pekee iliyobaki ilikuwa ule waya mweupe uliopita dirishani, ukaruka ukuta, ukaingia kwa jirani yao Mama Jeanine, mwenye internet ya kazini. Yeye mwenyewe alikuwa amekwenda Rumangabo tangu asubuhi, ameondoka na funguo na neno la siri la kuunganisha simu.

Kambale, kule Butembo, alishika sikio lake na kutikisa kichwa. Alikuwa kwenye ofisi ya parokia, kofia kichwani, dada yao pembeni yake, na nyuma yao kijana Lévi wa parokia akihangaika na kibodi.

"Munaona?" alisema Donat. "Na wao hawatusikie."

Kisha akafanya jambo ambalo angelijutia. "Muzee," alisema, akimgeukia mzee Mulumeoderhwa, msemaji wa upande wa bwana arusi, "picha tunayo. Mimi nitaandika swali kwa karatasi, namuonesha kwa kamera, yeye anaitika na kichwa. Tumemaliza."

Mzee Mulumeoderhwa alikuwa na miaka themanini na kitu. Alikuwa amevuka ziwa jana kutoka Bukavu, ametapika mara mbili kwenye boti, na boti ya kumrudisha ilikuwa ya saa nane. Aliweka fimbo yake katikati ya magoti.

"Kichwa?" alisema. "Kichwa kinaitika hata usingizi, mutoto yangu. Mulituambia desturi yenu ni moja: mukubwa wa lupango, mwenye ukoo, aseme na kinywa chake kama mbuzi yake ilifika. Bila ile neno, hata tukileta soko nzima ya mbuzi, mutoto mwanamuke hajatolewa. Sisi kwetu Bushi tungeleta ng'ombe, mukasema mbuzi, tukaleta mbuzi. Sasa mimi sikutapika mu ziwa juu ya kuja kuangalia mutu anatingisha kofia. Nitasikia sauti yake. Nisipoisikia kabla ya saa nane, nitapanda boti yangu, na hii maneno tutaiongea mwaka ingine, Mungu akipenda."

Hakuna aliyecheka. Munguakonkwa, bwana arusi, alitazama mlango wa chumba cha ndani ambako Fabiola alikuwa amefungwa katika kitenge kipya, akisubiri kuitwa.

Donat aliinamisha kichwa. Wote walidhani ni aibu ya fundi, na aibu ilikuwepo kweli. Ila chini yake palikuwa na kitu kingine. Alama ile ya spika ilipomwonyesha msalaba mwekundu, kabla hajashtuka, moyo wake ulikuwa umefurahi.

*

Wageni waliombwa wapunge hewa uani chini ya turubai, wakapewa soda na karanga. Donat akafunga dirisha la mbao upande wa ua, akaisukuma picha ya Butembo kwenye kona ya skrini, ndogo kama stempu, akaanza kazi.

Alikitafuta kifaa cha sauti kwenye orodha ya vifaa, akakikuta kina alama ya njano. Sasisho lilikuwa limemtupa nje yule pilote wa zamani, ile programu inayoiwezesha mashine kuzungumza na kadi yake ya sauti, likaweka mwingine asiyewajua wenyeji. Akajaribu kurudisha wa zamani: kitufe kilikuwa kimefifia, hakibonyezeki. Akamfuta mgeni, akaamuru mashine itafute upya. Mashine ikatafuta, ikamrudisha mgeni yuleyule. Kwa kompyuta ya dukani angeandika jina la kampuni na kupata dawa yake. Hii yake haikuwa na kampuni, ilikuwa na Donat.

Akafungua ubavu wa sanduku huku mashine inawaka, akatia tochi mdomoni, akaingiza kichwa. Kwenye ubao mkuu, chini ya vumbi, karibu na feni, palikuwa na namba. Alifuta vumbi kwa kidole, akaisoma, akaiandika kiganjani. Namba ilipatikana. Pilote wake alipatikana pia mtandaoni. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa: asilimia nne, asilimia tano.

Mlango ulifunguliwa, ukafungwa. Alikuwa Kasoki, mke wake, mwenye kilemba cha sherehe na uso usio wa sherehe.

"Itapona?"

"Itapona. Natelesharje pilote, iko inashuka."

"Sasa juu ya nini uko unatetemeka?"

"Ni njaa."

Kasoki alisimama mbele yake. Alisema polepole, kwa sauti ya chini, kama anavyosema akiwa amekasirika kweli. "Alhamisi yaya Kambale, kaka yako, alinipigia. Alisema: siku ya mahari, kabla sijafungua kinywa, Donat anioneshe mbuzi yangu kwa kamera. Nikasema haina shida, mbuzi iko Lac Vert kwa rafiki yake, inanenepa. Leo asubuhi nikatuma mutu wa moto, wa pikipiki, ailete. Amerudia sasa hivi. Donat, kule Lac Vert hakuna mbuzi. Rafiki yako anasema haikukanyagaka kwake hata siku moja."

Asilimia kumi na moja.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Donat ilikuwa imefika ukutani. Wakwe walipoleta mbuzi wa mahari, kila mkubwa na wake, aliwaambia kwamba yule wa Kambale amepokelewa. Akamwambia Kambale kwamba mbuzi yuko Lac Vert, barabara ikifunguka atapanda lori. Kati ya uongo huo wa pande mbili alikuwa ameishi miezi miwili.

"Niliuzisha," alisema.

"Uliuzisha nini?"

"Mbuzi. Unaiangalia. Hii skrini njo mbuzi. Na kamera, na mémoire, na alimentation ya umeme. Machine ilikuwa imekufa, Kasoki! Atelier yangu ya kazi wamevunja, wamebeba yote, banque imefungwa. Bila machine mimi ni nani? Ningeingia soko ya Birere nibebe mizigo? Tumekula na hii machine miezi mbili."

Kasoki alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, kiti cha mzee Mulumeoderhwa. "Mbuzi ya mukubwa," alisema. "Ile moja. Kwa mbuzi zote, ukachukua ile moja."

"Ile ingine yote ilikuwa na wenyewe hapa hapa. Wangeuliza kesho yake. Yeye iko mbali."

"Si ungemuambia? Ni kaka yako!"

"Kambale?" Donat alicheka cheko baya. "Kambale ni mutu wa tumbo. Iko na mbuzi makumi mu kilima, lakini ile moja ataifuata mpaka kwa kaburi yangu. Ningemuambia ningesikia mambo ya tangu utoto: Donat anacheza na visi na waya, Donat hajue biashara, Donat ameuza mboga ya baba. Hapana. Kila akipiga simu nasema rézo mubaya."

Kasoki alimtazama. Alikumbuka zile jioni, mume wake akisimama katikati ya ua, mkono mmoja sikioni, akipiga kelele: Allô! Allô! Yaya, sikusikie! Yaya, unakatika! Alikuwa akimwonea huruma.

"Hata leo," aliendelea Donat, kwa maana aliyeanza kukiri ni vigumu kusimama, "leo son ilipopotea nilisema Mungu ametuona. Ningemuonesha karatasi, namuandikia 'Unawasalimia wageni?', anaitika, basi. Ule muzee wa Bukavu njo ameharibu."

"Ungemudanganya mbele ya watu."

"Ningeozesha mutoto yangu!"

Ukuta ulikuwa wa mbao. Upande wa pili sauti ya Fabiola ikasema, kavu kabisa: "Papa. Mama. Mimi niko nasikia."

Asilimia sitini na mbili. Kasoki alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, na macho yake yakaangukia ile picha ndogo kwenye kona.

"Mbona wako wanatuangalia vile?"

"Nani?"

"Yaya na dada yenu."

Donat alitupa jicho. Kambale alikuwa ameketi wima, mikono magotini. Dada yao hakusogea, Lévi hakusogea. "Picha imeganda," alisema.

Ndipo dada yao, kule Butembo, akainua mkono na kufuta chozi.

Donat alikamata kipanya. Alivuta picha, akaipanua ikajaza skrini, na pembeni yake pakafunguka ile safu ya ujumbe ambayo madirisha yake ya ufundi yalikuwa yameifunika. Lévi alikuwa ameandika.

11:08. *Tuko tunawasikia bien. Nyinyi hamutusikie?*

11:10. *Papa Donat, micro yenu iko bien. Ni son tu njo hamuna.*

11:26. *Papa Donat, soma hapa.*

11:41. *Pardon, tulisikia.*

Kamera. Ile kamera aliyoibandika juu ya skrini ilikuwa na kinasa sauti chake ndani, na waya wake wenyewe. Sasisho halikuigusa. Lilichukua masikio ya Goma tu, kinywa chake likakiacha wazi. Jambo hilo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua, na Donat alilisahau kwa sababu kimya kile kilimfaa.

Kambale hakuonekana mwenye hasira. Ingekuwa nafuu. Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Alionekana mzee kuliko siku zote.

Asilimia mia moja. Kidirisha kikafunguka katikati ya uso wa kaka yake, kina vitufe viwili, cha kuweka na cha kughairi: *Installer. Annuler.*

Mkono wa Donat haukwenda kwenye kipanya. Ulikwenda ukutani, kwenye soketi. Kuvuta mara moja tu, kisha kwenda uani na kusema umeme umekatika. Mji mzima ungemwamini. Mzee angepanda boti yake, Fabiola angelia wiki moja, miezi ingepita, na barabara ikifunguka mbuzi mwingine angeweza kupatikana. Akiiweka sauti, kaka yake atafungua kinywa mbele ya watu kumi na watatu na kumwita mwizi, na atakuwa na haki.

Mlango wa ndani ulifunguka. Fabiola alisimama pale na shanga zake shingoni, poda imechirizika mashavuni. Aliuona mkono wa baba yake ulipo. Hakuomba kitu.

"Itengeneze, Papa," alisema. "Lolote atasema, aseme."

Aibu ilimwunguza Donat mpaka masikioni. Aliachia soketi. Akarudi mezani, akabonyeza kitufe cha kwanza, akasubiri. Skrini ikapepesa mara moja. Kwenye alama ya spika, msalaba mwekundu ukatoweka, na spika zikatoa mlio mdogo, kisha jogoo akawika. Alikuwa jogoo wa Butembo.

"Yaya," alisema Donat. "Yaya, mimi..."

Kambale aliinua kiganja. Sauti yake ilijaa sebuleni, nzito, yenye mafua kidogo. "Ita wageni," alisema.

*

Waliingia wakiwa wameshiba karanga. "Fundi ni fundi!" alisema Birindwa, akampiga Donat begani, na Donat akalipokea pigo hilo la sifa bila kuinua macho. Kasoki alisimama ukutani. Alikuwa amemshika Fabiola mkono kwa nguvu mpaka vidole vya mtoto vikawa vyeupe.

Mzee Mulumeoderhwa aliketi, akakohoa, akanyosha fimbo kuelekea skrini. Saa ilikuwa sita kamili. "Muzee Kambale, mwenye lupango," alisema. "Tunakusalimia."

"Niko nawasalimia, muzee. Pole na ziwa."

Watu waliguna kwa raha kuisikia sauti hiyo. Mzee akatikisa kichwa, ameridhika.

"Tulileta mbuzi kwenu. Ile zingine sizihesabie. Nauliza moja tu. Mbuzi yako, mukubwa, ilikufikia?"

Kambale hakujibu. Aliwatazama. Jogoo akawika tena, mbali kidogo. Mtu alikohoa, akanyamaza. Donat alihesabu pumzi zake mwenyewe, akafika ya saba.

Birindwa alimwinamia. "Papa Donat, son imepotea tena?"

"Hapana," alisema Donat. "Son iko."

"Ilinifikia," alisema Kambale.

Kasoki alitoa pumzi iliyosikika chumba kizima.

"Iko bien?" aliuliza mzee, maana desturi ni kuuliza mpaka mwisho. "Haina kilema?"

"Haina kilema. Ni mbuzi ya jicho moja, lakini jicho nzuri sana. Ni kwa hii jicho njo niko nawaona nyinyi wote pale. Namuona na mutoto yangu Fabiola, amelia, haifai alie siku ya leo. Mbuzi kama hii hata baba yetu hakuipataka."

Kicheko kililipuka. Mzee Mulumeoderhwa aligonga sakafu kwa fimbo. "Banande ya Butembo muko na maneno!" alisema, na akina mama wakapiga vigelegele, na Munguakonkwa akaruka kitini kama aliyekalia moto. Yule mama wa kikohozi akaimba kabla ya wengine.

"Mungoje," alisema Kambale, na wakanyamaza. "Mungoje kidogo. Mimi ni mutu wa tumbo."

Wakacheka tena, zaidi. Donat hakucheka. Alihisi kila jino la maneno yale.

"Ile ya macho nimeipata. Lakini barabara itafunguka, ndugu yangu ataniletea na ya meno. Yeye mwenyewe, na mikono yake, nimuone. Nimekaa miaka ine sijamuona." Akajikohoza. "Donat."

Vichwa vyote viligeuka, nyuso bado zina kicheko, zikingoja utani mwingine.

"Miezi mbili nakupigia simu, unaniambia rézo mubaya. Leo uko unanisikia?"

Donat alisogea mpaka karibu kabisa na skrini, ingawa kamera ingemsikia hata kutoka mlangoni. Machozi yalikuwa yanamtoka mbele ya wakwe, mbele ya mama wa kikohozi, na hakuyafuta.

"Niko nakusikia, yaya."

"Sema kwa nguvu. Nazeeka."

"Niko nakusikia, yaya," alisema Donat. "Niko nakusikia."